Namna ya Kuonja Mvinyo wa Euro Tatu na Nusu Bila Kutetereka

Mvinyo wa bei ndogo haununuliwi kwa kukurupuka. Ukiingia supamaketi ya Kifaransa, iwe Lyon, Marseille au kitongoji chochote cha Paris, usielekee moja kwa moja kwenye rafu ya chini kabisa, hata kama ndiyo iliyokutoa nyumbani. Anzia juu. Simama mbele ya chupa za euro 40, kunja uso, chukua moja, ipindue usome maandishi ya mgongoni, kisha irudishe taratibu kwa masikitiko ya mtu aliyetarajia makubwa zaidi. Shuka rafu moja, rudia. Ukifika usawa wa magoti, chuchumaa ufunge kamba ya kiatu. Kama umevaa makubazi, funga hivyo hivyo. Hapo ndipo mkono unapochomoka na chupa ya euro 3.50, na shahidi hakuna.

Chupa ninayoikusudia ni ile ya chapa ya duka lenyewe. Kila kampuni kubwa ya supamaketi Ufaransa ina ya kwake, na ni nadra kukuta jina la duka limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye lebo. Karatasi za chooni na mvinyo vikitoka nyumba moja, kimoja lazima kibadili jina. Auchan huuza mvinyo wake kwa jina la Pierre Chanau. Bwana Chanau hajawahi kupogoa mzabibu wala kuonekana msimu wa mavuno, kwa kuwa hajawahi kuzaliwa: chukua herufi za Auchan, zivuruge, zipange upya, naye huyo hapo amesimama na shamba lake. Casino walipendelea Club des Sommeliers, klabu ambayo ada yake ya uanachama ililipwa kaunta pamoja na vitunguu.

Kwa msomaji ambaye dini yake au daktari wake amemkataza kileo: endelea kusoma bila hofu. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kwa macho, kwa pua na kwa maneno, na mabingwa wenyewe wakishauweka mvinyo mdomoni huutema.

Sasa soma lebo, tena kwa makini, maana kwa bei hii sehemu kubwa ya unachonunua ni maandishi. Tuchukue Bordeaux, kwa sababu haikosekani kwenye rafu hizo na haijawahi kupungukiwa maneno. Kutakuwa na mchoro wa jumba la mawe. Kutakuwa na Grand Vin de Bordeaux kwa rangi ya dhahabu. Maneno hayo si daraja la kisheria; ni sifa ambayo chupa imejipa yenyewe, na kwa uungwana tutaiachia. Vieilles vignes, yaani mizabibu mikongwe, nayo haina umri uliowekwa na sheria, kwa hiyo mzabibu huweza kuzeeka siku lebo inapochapwa. Na jumba? Sheria inaruhusu jina la château kwa mvinyo uliosindikwa kwenye mitambo ya chama cha ushirika, mradi zabibu ziwe zimetoka shamba hilo na hazikuchanganywa na za jirani. Msomaji aliyesomeshwa kwa fedha za ushirika wa kahawa ataelewa haraka: jumba lenyewe huenda ni ghala la bati lenye mizani mlangoni. Hakuna ubaya wowote. Ila ghala la bati halichoreki vizuri.

Ukweli umeandikwa kwa herufi ndogo. AOC ni mfumo uliowekwa mwaka 1935, unaofungamanisha jina la mahali na aina ya zabibu, kiasi cha mavuno na namna ya kusindika. Chini yake iko IGP yenye masharti mepesi, na chini kabisa Vin de France, ambao zamani uliitwa mvinyo wa mezani na unaruhusiwa kutoka pembe yoyote ya nchi. Kisha tafuta nani aliyeujaza kwenye chupa. Mis en bouteille au château maana yake umejazwa palepale shambani. Kukiwa na herufi EMB na tarakimu, aliyejaza amejifunika kanga usoni. Tarakimu mbili za mwanzo ni namba ya mkoa, na 33 ni Gironde, mkoa wa Bordeaux. Ukikuta namba nyingine, mvinyo wako ulipanda lori la tangi kabla ya kuvishwa chupa. Habari hii usimpe mgeni. Ni yako na dhamiri yako.

Bado medali. Mgeni huona dhahabu kabla ya kuona kitu kingine chochote, kwa hiyo ukipata chupa yenye medali usiiache. Ujue tu zinavyopatikana. Kanuni za Ufaransa zinazuia mashindano kugawa medali kwa zaidi ya theluthi moja ya mvinyo ulioletwa, maana yake theluthi moja ni ruksa. Na waamuzi? Mwaka 2008 Robert Hodgson, profesa mstaafu mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo, alichapisha utafiti ambamo waamuzi wa maonyesho ya jimbo la California waliletewa mvinyo mmoja mara tatu, kutoka chupa moja, bila kuambiwa. Ni kama asilimia 10 tu waliotoa alama zinazokaribiana. Mwaka 2023 Wabelgiji wakamaliza utani: kipindi cha televisheni cha On n'est pas des pigeons kilichukua mvinyo wa supamaketi wa euro 2.50, kikauvisha lebo ya jumba la kubuni, Château Colombier, kikaupeleka kwenye mashindano ya kimataifa. Ukarudi na dhahabu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakuwaza kwamba ipo siku mgema hatakuwepo kabisa, na sifa zitamfika vilevile.

Kabla ya kutoka dukani, piga hesabu, kwa kuwa mtu anayejua alicholipia hunywa kwa utulivu. Katika euro 3.50 zako, serikali huondoka na senti 58 za VAT, maana kiwango ni asilimia 20, pamoja na kama senti 3 za ushuru wa mvinyo, ushuru ambao Mwingereza akiutajiwa hutokwa na machozi. Zinazobaki wagawie duka, dereva wa lori, katoni, kioo, kizibo na mchoraji wa jumba la mawe. Kinywaji chenyewe je? Bordeaux ya kawaida huuzwa kwa jumla kwa tonneau, kipimo cha lita 900, sawasawa na chupa 1,200. Miaka ya karibuni tonneau moja imeuzwa hata chini ya euro 1,000. Gawanya mwenyewe: mvinyo ulio ndani ya chupa hiyo una thamani ya senti 83, pengine pungufu, na kioo kinaufukuzia kwa karibu.

Urahisi huo umetokana na Wafaransa wenyewe, ambao wameacha kunywa kama baba zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 unywaji ulizidi lita 100 kwa mtu kwa mwaka. Leo haufiki nusu ya hapo. Hao ni watu ambao mpaka mwaka 1956 mtoto wa shule aliweza kupewa mvinyo kwenye kantini, ndipo serikali ikapiga marufuku kwa walio chini ya miaka 14 na kuona imefanya mapinduzi. Mizabibu ikabaki ileile, wanywaji wakapungua. Mwaka 2023 Ufaransa ilitangaza euro milioni 200 za kuondoa ziada sokoni kwa kuikeneka iwe spiriti ya manukato na vitakasa mikono, na huko Gironde ukaandaliwa mpango wa kumlipa mkulima euro 6,000 kwa kila hekta atakayokubali kung'oa. Kwa hiyo ukiishika ile chupa, ishike kwa heshima kidogo. Ilinusurika kuwa kitakasa mikono.

Neno moja kuhusu mapipa, halafu twende nyumbani. Mgeni mjuaji atakuuliza kama mvinyo ulilazwa kwenye mwaloni. Pipa jipya la lita 225 huuzwa kwa mamia ya euro. Tulihurumie liwe la 600. Linajaza chupa 300, yaani euro 2 kwa kila chupa kabla zabibu hazijalipwa. Basi ukisikia harufu ya vanila kwenye mvinyo wa 3.50, na lebo iko kimya juu ya mapipa, kuna uwezekano kwamba vipande vya mbao vilitumbukizwa ndani ya tangi, jambo ambalo Umoja wa Ulaya uliliruhusu mwaka 2006. Jibu lako kwa mgeni liwe hili: “Mwaloni upo, ila haujitangazi.” Kila neno hapo ni kweli.

Chupa ikifika nyumbani, ifiche. Hapa ndipo Wafaransa walipotufanyia hisani kubwa kuliko zote kwa kuleta carafe, lile jagi la kioo lenye shingo nyembamba na tumbo pana. Wataalamu wanasema kazi yake ni mbili: kuutenga mvinyo mkongwe na mashapo yake, na kuupa mvinyo mchanga hewa. Mvinyo wetu hauna mashapo. Umechujwa kiwandani hadi ukasahau ulikotoka. Hewa itausaidia kidogo, sikatai, nusu saa hulainisha makali. Lakini fadhila kuu ya jagi ni kwamba halina lebo. Mimina jikoni mlango ukiwa umefungwa, zungusha jagi mara mbili tatu, litoe mezani kwa mikono miwili. Mgeni akiona jagi hufikiri kuna jambo. Ungeweza kulijaza juisi ya zabibu na bado wangeshusha sauti.

Kizibo kinahitaji busara. Chupa nyingine za bei hii zina kifuniko cha kuzungusha, nyingine kizibo kilichotengenezwa kwa chembe za gome zilizosagwa na kugandishwa. Kwenye mikahawa ya kifahari mteja hupewa kizibo akinuse. Wewe nusa glasi. Ukikutana na harufu ya kadibodi iliyolowa, mvinyo umeharibiwa na kemikali iitwayo TCA, inayopatikana kwenye magome, na hilo humpata tajiri na maskini bila upendeleo. Wenye kifuniko cha kuzungusha wameepukana na balaa hilo, ila wanakosa ule mlio wa kizibo kikitoka, mlio ambao wageni wakiwa sebuleni huusikiliza kuliko wanavyokiri. Tia kidole shavuni ukiwa jikoni, uutoe mwenyewe.

Kuhusu ubaridi, usikubali kudanganywa na agizo la kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha majumba ya mawe ya zamani, nyuzi 16 hadi 18, watu wamekaa na makoti. Si sebule ya ghorofa ya tano ambayo mama wa Kiswahili ameongeza hita hadi 25 kwa sababu kuna mtoto mchanga. Mvinyo wa bei ndogo ukipata moto, kileo hupanda puani na aibu zake zote hutoka nje. Utie kwenye friji nusu saa. Ukikutwa, taja Beaujolais, ambako mvinyo mwekundu unywewao ukiwa na ubaridi ni jambo la fahari.

Haya, mimina. Theluthi ya glasi, si zaidi. Glasi iliyojaa pomoni inatangaza bei. Ishike kwenye mguu wake, iinamishe juu ya kitambaa cheupe, tazama rangi, sema “mm” moja. Kisha izungushe. Mvinyo utapanda ukutani na kuteremka kwa michirizi, na hapo atatokea mtu wa kusema kwamba michirizi hiyo ni dalili ya ubora. Mwache aseme. Michirizi ni kazi ya kileo kinachoruka hewani haraka kuliko maji, kikiacha mvutano usio sawa juu ya kioo. Aliyeieleza ni James Thomson, kaka yake mwanafizikia Lord Kelvin, mwaka 1855. Mwaka huohuo, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, mashamba ya Bordeaux yalipangwa kwenye madaraja matano ambayo tangu wakati huo hayajaguswa ila kidogo sana, kama pale shamba la Mouton Rothschild lilipopandishwa daraja mwaka 1973. Elimu moja ilieleza kwa nini michirizi haina maana, nyingine ikaeleza nani ni bwana. Sina haja ya kukuambia ipi iliyosambaa.

Sasa pua, na hapa sina haraka, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu hunyanyasika. Mwaka 1984 Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichora gurudumu la harufu za mvinyo ili watu waache kusema “unanukia vizuri” na waseme unanukia nini. Jambo jema. Tatizo ni kwamba matunda mengi ya kwenye gurudumu yanaota kwenye bustani za watu wengine. Mwongozo wa Merlot, zabibu nyekundu iliyopandwa kwa wingi kuliko zote Ufaransa, utakutajia plamu, cheri nyeusi na tunda dogo jeusi liitwalo cassis. Mtu aliyekulia Tanga au Malindi atainamisha pua, atafunga macho, atatafuta cassis kwenye kumbukumbu zake zote, na hataipata, maana haikuwahi kuingia. Kisha atajiona mshamba.

Asijione. Ndani ya glasi ile kuna zambarau. Nasema bila kejeli, na ni karibu sehemu pekee ya mwongozo huu ninayoisema hivyo: Merlot changa iliyokorogwa na Cabernet ina harufu ya zambarau zilizoiva zikadondoka, zikakanyagwa chini ya mti, na ukakasi wake ni uleule unaokamata ulimi baada ya kula konzi mbili za zambarau kabla hazijaiva sawasawa. Hata rangi inayobaki kwenye meno ni ileile. Ukihamia Côtes du Rhône, yenye Grenache na Syrah, utapata pilipili manga, pengine karafuu, na ukikuta mwaka wa jua kali, tende. Mtoto wa pwani ameyajua haya kabla hajajua kusoma. Kinachomkosesha shahada ni kwamba hakuwahi kuambiwa yanahesabika.

Na kwa upande wa mbinu, zambarau ina faida ya pili. Ukisema cassis mbele ya Mfaransa, anaweza kukusahihisha. Ukisema zambarau hawezi, kwa sababu haijui. Atauliza ni tunda gani. Utatazama dirishani kidogo kabla ya kujibu. Kuanzia hapo usiku ni wako.

Ukiona wenzako wanataja harufu ambazo huzisikii kabisa, kumbuka Bordeaux mwaka 2001. Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wanafunzi, watu waliochagua kazi hii iwe riziki yao, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Pua ilifuata macho. Brochet aliendelea na uchokozi wake: mvinyo mmoja kwenye chupa mbili, moja ya daraja la juu, nyingine ya mvinyo wa mezani, na sifa zikaenda kwa chupa. Mimi sioni aibu yao. Naona tu kwamba jagi la jikoni lina msingi wa kisayansi.

Piga funda. Usimeze, lisukutue mdomoni, na midomo ikiwa wazi kidogo vuta hewa kwa sauti, kama anayekunywa uji wa moto. Nyumbani ulichapwa kwa sauti hiyo, hapa ni utaalamu. Sikiliza mambo matatu. Uchachu, unaoleta mate pembeni mwa ulimi. Ukakasi, unaokausha fizi, ambao unatoka kwenye maganda na mbegu. Halafu urefu, yaani ladha inakaa muda gani baada ya kumeza au kutema. Wafaransa wana kipimo chake kiitwacho caudalie, na caudalie moja ni sekunde moja. Mvinyo mkubwa husifiwa kwa kuvuka kumi. Wa kwetu utapata tatu. Ukihesabu polepole, nne.

Tena nne si haba. Ukweli ambao mwongozo wa kejeli hauna budi kuukubali ni kwamba mvinyo wa namna hii siku hizi mara nyingi hauna kasoro. Aliyeutengeneza ni mchanganyaji mwenye maabara, anayechota tangi hili na lile mpaka chupa ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Zambarau ipo, ukakasi wa kiasi, utamu kidogo wa kumbembeleza mgeni, kisha unaaga mapema. Haumkeri mtu. Ndiyo sababu wajuzi wanauchukia: hauwapi la kusema. Mvinyo mbaya kabisa ungewafurahisha zaidi.

Ikikupasa kuutolea maneno, tumia maneno ya adabu. “Mwepesi kueleweka” ni kwamba hauna kitu. “Mchanga bado” ni kwamba unauma. “Mkweli” hutumika pale mengine yote yameshindikana, na humpendeza sana mwenye nyumba.

Saa ya bei nayo itafika. Huja kwa sauti ya shemeji, kwa sababu wengine wote wanaona haya.

“Shemeji, mvinyo huu umeupata kwa bei gani?”

“Hebu kisia wewe, shemeji.”

“Mmh. Kama euro kumi na tano hivi?”

“Kumbe mvinyo unaujua.”

Hapo hujadanganya na umefanya wema. Mwaka 2008 watafiti wa California walichapisha jaribio ambalo watu 20 walilazwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakaonjeshwa mvinyo huku wakitajiwa bei. Mvinyo mmoja ulitajwa kuwa wa dola 10, baadaye ukaletwa tena kwa jina la dola 90. Wa 90 ulipendwa zaidi, na kwenye picha ile sehemu ya ubongo inayopokea raha ilichangamka zaidi. Raha hiyo haikuwa ya kuigiza. Kwa hiyo zile euro 11.50 alizoziongeza shemeji kwa kinywa chake anazinywa kweli, na wewe hujatoa hata senti.

Akiwepo Mfaransa mezani, atauliza kwa upole kama huko kwenu kuna mvinyo. Atauliza akiwa amekwishajijibu. Mwambie kuhusu Dodoma, mizabibu iliyopelekwa na wamisionari, zabibu nyekundu ya Makutupora, na kwamba mavuno ni mara mbili kwa mwaka. Litaje hilo la mavuno mwishoni, kwa sauti ya kawaida, huku ukimwongezea glasi. Mtu ambaye taifa lake zima husubiri Septemba, likitazama mawingu na kusali mvua ya mawe isipige, atakaa kimya zaidi ya caudalie kumi.

Usimwongezee mno. Mamlaka ya afya ya Ufaransa inashauri mtu asizidishe glasi 10 kwa wiki, wala glasi 2 kwa siku, na ziwepo siku za kupumzika kabisa. Bei ndogo haipunguzi kileo, na chupa ya 3.50 husababisha kichwa kile kile kinachosababishwa na ya 350, jambo ambalo ni usawa wa aina yake ingawa si wa kupigania.

Na kuna mjomba. Kwenye kila mkusanyiko wa Waswahili wa ughaibuni yupo mjomba mmoja aliyekuja na chupa yake ya Coca-Cola chini ya koti. Umemimina kwa jagi, umezungusha, umetaja zambarau, meza nzima imenyamaza, naye anafungua soda na kuijaza ndani ya glasi yako ya mguu mrefu, nusu kwa nusu. Usimkemee mbele za watu. Kinywaji hicho kina jina na kina nchi: Wabaski hukiita kalimotxo, mvinyo mwekundu wa bei ndogo na kola kwa vipimo sawa, na hunywewa kwa furaha kwenye sherehe zao pande zote mbili za mpaka, hadi Bayonne. Tangaza jina hilo kwa sauti. Mjomba atakaa wima, na Mfaransa, kama ametoka kusini-magharibi, atasogeza glasi yake karibu na ile chupa ya soda.

“Mjomba, unaonaje mvinyo?”

“Mzuri. Ila huu wa bei ghali bila soda unakwaruza.”

Akiomba barafu, mpe.